Je, wajua kwa nini malaria ya Mombasa ina asili ya gorila?

Mkazi wa Mombasa anayeugua malaria wakati wa masika, mara nyingi huwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho huua watu wengi zaidi kati ya vimelea vyote vya malaria. Kenya haina gorila wa porini, lakini kimelea hicho asili yake ni gorila wa magharibi, wale wa misitu ya nchi kama Kameruni na Gabon.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba binadamu na sokwe walikirithi kutoka kwa babu yao mmoja, kila upande ukaondoka na wake. Dhana hiyo iliangushwa mwaka 2010, tena kwa kinyesi. Kwa kuwa si rahisi kumtoa damu gorila wa porini, watafiti walikusanya karibu sampuli 3,000 za kinyesi cha sokwe, bonobo na gorila wa Afrika ya Kati, wakachunguza DNA ya vimelea iliyomo. Vimelea vya binadamu viliangukia ndani ya ukoo wa vimelea vya gorila wa magharibi. Gorila wa mashariki, ambao ndio wanaoishi karibu na Kenya, hawakukutwa navyo.

Kilivukaje? Ili kuingia katika chembe nyekundu ya damu, kimelea hutumia protini iitwayo RH5 kushika protini nyingine, basijini, iliyo juu ya chembe hiyo, na basijini ya gorila si sawa na yetu. Inaonekana babu wa kimelea chetu alipata jeni ya RH5 kutoka kwa kimelea cha aina nyingine ndani ya gorila mmoja. Mwaka 2019 protini hiyo ya kale iliundwa upya maabarani, ikashika basijini ya gorila na ya binadamu pia. Baadaye badiliko moja tu liliiondolea uwezo wa kushika ya gorila.

Uchambuzi wa jenomu, yaani jeni zote za kimelea, uliotolewa mwaka 2018 unakadiria kwamba ukoo wa kimelea chetu ulianza kujitenga na wa gorila miaka 40,000 hadi 60,000 iliyopita, ukapungua mno miaka 4,000 hadi 6,000 iliyopita, kisha ukaenea. Kwa maoni yangu kilimo ndicho kilichoufaa zaidi, kwani watu waliokaa mahali pamoja waliwapa mbu damu ya binadamu bila kukatika. Aina nyingine za vimelea vya jamaa hiyo zingali kwa sokwe na gorila, na wanakijiji wa Kameruni waliopimwa jirani na misitu hiyo hawakukutwa nazo.