Kimo cha Mto Si Kiasi cha Maji

Kila msimu wa mvua sentensi ni ile ile: "Kipimo kimefika mita sita na nusu, mwaka ule wa mafuriko makubwa kilifika mita sita tu, kwa hiyo maji ya safari hii yamezidi." Naisikia redioni, naisoma magazetini, na sasa nimeikuta kwenye ripoti ya wahandisi, watu ambao kazi yao ni kujua tofauti. Hapo uvumilivu umeniishia. Ubao wa kipimo, ule wenye alama za mita uliosimikwa majini, hauonyeshi maji ni mengi kiasi gani. Unaonyesha uso wa maji umefika wapi, basi. Kutaja kiasi cha maji kwa kusoma ubao ni kama kutaja uzito wa mtu kwa kumpima urefu: mara nyingi utakaribia, na siku ukikosea utakosea vibaya.

Tuanze na sifuri. Sifuri ya ubao huamuliwa na aliyeusimika, na kwa kawaida huiweka mahali ambapo hatarajii maji kushuka chini yake. Hailazimiki kuwa sakafu ya mto au ya ziwa. Kipimo cha Jinja kwenye Ziwa Victoria kilisoma zaidi ya mita 13 mwaka 1964, kikapita rekodi hiyo mwaka 2020, ilhali kina cha ziwa lenyewe hufika takriban mita 80. Anayeandika kwamba "kina cha ziwa kimefika mita 13" hajui anachokisoma.

Na ziwa ni afadhali. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,000, na umbo lake halibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Sentimita moja ya kimo ni takriban mita za ujazo milioni 680, jana na leo. Mto hauna uaminifu huo.

Mtiririko wa mto, yaani mita za ujazo zinazopita kila sekunde, hupatikana kwa jasho. Unagawa upana wa mto vipande ishirini na kitu, kila kipande unapima kina na kasi, unazidisha, unajumlisha. Penye kina kirefu kasi hupimwa mara mbili, kwenye 0.2 na 0.8 ya kina, kisha unachukua wastani. Kazi yote hiyo inakupa nukta moja tu: kimo hiki, mtiririko huu. Ukishakusanya nukta za kutosha, za kiangazi na za masika, unachora grafu inayopita katikati yake. Tangu siku hiyo mtu akisoma ubao, grafu ndiyo inayotaja mtiririko. Takwimu nyingi za mtiririko wa mito unazozisoma zimetoka hivyo. Kilichopimwa siku ile ni kimo. Mtiririko umekadiriwa, na grafu iliyoukadiria ni ya mto kama ulivyokuwa wakati nukta zile zilipopimwa.

Sasa nenda Mto Huang He, China, kituo cha kupimia cha Huayuankou. Mwaka 1958 yalipita pale mafuriko ya mita za ujazo 22,300 kwa sekunde. Agosti 1996 yakaja mengine, chini ya 8,000, yaani kama theluthi moja. Uso wa maji wa 1996 ulipanda juu kuliko ule wa 1958 kwa takriban sentimita 90.

Soma tena aya hiyo taratibu. Theluthi moja ya maji, kimo kikubwa zaidi. Huang He hubeba udongo mwingi mno kutoka nyanda zake za udongo laini, na maji yanapopungua kwa kutumiwa juu, hakuna nguvu ya kuusukuma hadi baharini. Tope hutua ndani ya mkondo, kati ya matuta yaliyojengwa kuzuia mafuriko. Sakafu inapanda, njia ya maji inasinyaa. Mwenye ubao peke yake angetangaza mwaka 1996 kwamba ameona maji mengi kuliko ya 1958, na angetafuta sababu mawinguni wakati sababu ilikuwa imelala chini ya maji, imetulia, ya rangi ya kahawia.

Kosa hili huenda pande zote mbili. Bwawa likijengwa juu, mchanga unabaki nyuma ya ukuta, au watu wakichimba mchanga wa ujenzi mtoni mwaka baada ya mwaka, sakafu inashuka. Maji yale yale sasa yanasoma chini kwenye ubao, na unasikia kilio kwamba mto unakauka. Pengine unakauka kweli. Lakini ubao hauwezi kukuambia hivyo kabla mtu hajaingia na mita ya kasi kupima upya.

Mambo mengine nayataja tu: majani na matete yanayoota mkondoni, magogo yanayoziba chini ya daraja, mto mkubwa wa mbele ukijaa na kurudisha maji nyuma. Yote hupandisha kimo bila kuongeza tone.

Lipo moja ambalo hata wataalamu huliruka, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kwenye mto wa tambarare, kimo kimoja kina mitiririko miwili ndani ya mafuriko yale yale. Maji yanapopanda, uso wa wimbi la mafuriko una mteremko mkali upande wa mbele, kwa hiyo maji yanakimbia. Yakishaanza kushuka, mteremko umelegea, na maji yanapita polepole. Ubao ukisoma mita nne wakati wa kupanda, mtiririko ni mkubwa kuliko ubao huo huo ukisoma mita nne wakati wa kushuka. Ukizichora nukta za mafuriko mazima kwa mfuatano hupati mstari mmoja, unapata kitanzi. Tena mtiririko wa juu kabisa hupita kabla kimo hakijafika kileleni. Kwenye mito ya milimani yenye mteremko mkali tofauti ni ndogo, unaweza kuipuuza. Kwenye nyanda pana, huwezi.

Fikiria basi nani anapima mafuriko, na lini. Barabara imekatika, gari la wapimaji limekwama upande wa pili. Wanafika njia ikifunguka, na njia hufunguka maji yakiwa yanashuka. Nukta zao nyingi za maji makubwa zinatoka upande mmoja wa kitanzi, ule wa polepole. Grafu ikichorwa kwa nukta hizo, inapunguza mtiririko wa kila mafuriko yanayopanda, miaka na miaka, na hakuna atakayegundua kwa kutazama majedwali, kwa sababu majedwali yanapendeza. Ndiyo maana kila nukta iandikwe kama maji yalikuwa yakipanda au yakishuka. Vituo vingi haviandiki, na sielewi kwa nini, maana haligharimu kitu.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu hulisema kwa sauti ndogo. Mafuriko makubwa kabisa, yale ambayo kila mtu anataka takwimu zake, mara nyingi hayajapimwa. Mto uliojaa miti mizima inayoelea hauingizi mashua wala huteremshi chombo kwa kamba. Kwa hiyo tunaivuta grafu kwenda juu, mbali na nukta ya mwisho, kwa kufuata umbo lake. Kwa mto uliobaki ndani ya kingo, kuivuta hivyo kuna mantiki. Maji yakishatapakaa uwandani umbo la mkondo limebadilika ghafla, na mstari uliovutwa hauna habari hiyo.

Zipo njia za kupunguza shaka, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kupima kasi ya uso kwa kufuatilia kitu kinachoelea au kwa video, kisha ukazidisha kwa 0.85 kupata wastani wa kina chote, hiyo 0.85 ni kanuni ya mazoea, mito mingine haiifuati. Unaweza kutumia kifaa cha sauti kinachopima kasi kutoka kwenye mashua, lakini wakati wa mafuriko mchanga wa sakafuni nao unatembea, kifaa kinadhani sakafu imetulia na mashua ndiyo inayopanda mto, na mtiririko unatoka mdogo kuliko ulivyo. Dawa ni kukiongoza kwa GPS, pale ambapo miti haizibi anga. Au unasubiri maji yaondoke, unafuata alama za tope na takataka kwenye mashina, unapima mteremko, unakadiria ukwaru wa mkondo, yaani jinsi sakafu na kingo zinavyokwaza maji, kisha unakokotoa mtiririko kwa kanuni ya Manning. Ukiuchagua ukwaru 0.03 badala ya 0.04, mtiririko unaongezeka kwa theluthi. Watu wawili wenye uzoefu, wakisimama kwenye ukingo mmoja, wanaweza kutofautiana kiasi hicho bila yeyote kuwa mzembe.

Mto Mississippi pale St. Louis, Marekani, ndipo shaka hii imekuwa ugomvi wa miaka. Mafuriko ya 1844 yalifika kimo cha karibu mita 12.6, na kwa muda mrefu yalikadiriwa kuwa na mita za ujazo takriban 36,800 kwa sekunde. Ya 1993 yalifika karibu mita 15.1 kwa mtiririko wa takriban 30,600. Kundi moja la wataalamu linasema sababu ni wazi: matuta na kuta za kubana mkondo zimeunyima mto nafasi, hivyo maji machache yanapanda juu zaidi. Kundi jingine linasema takwimu za zamani zilitiwa chumvi na mbinu za kale, na mtiririko wa 1844 haukuwa mkubwa hivyo. Nimesoma hoja za pande zote mbili. Naegemea kwamba mto umebanwa kweli na takwimu za zamani zimezidi kweli, lakini ni kipi kina uzito gani, siwezi kukuambia, na anayekutajia asilimia kwa uhakika anakisia.

Kuna wanaoniambia setilaiti zimemaliza tatizo. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, ni kazi kubwa, nami naitumia kwa shukrani: inaona kimo cha uso wa maji, upana na mteremko wa mito ambayo haijawahi kuwa na ubao. Sakafu haioni. Mtiririko wake nao unakadiriwa.

Sisemi kimo hakina kazi. Anayelala karibu na mto anahitaji kimo na muda, na onyo la mafuriko litolewe kwa kimo. Lakini ukubwa wa daraja, malango ya bwawa, mgao wa maji kati ya nchi za bonde moja, na hesabu ya kama mvua kubwa zinaongezeka, vyote vinasimama juu ya mtiririko. Humo huwezi kuingiza mita sita na nusu ukadhani umesema kitu.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kila takwimu ya mtiririko wa mafuriko ichapishwe pamoja na tarehe ya mwisho mto ulipopimwa kituoni hapo, na mtiririko mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa hapo kwa chombo. Kama uliopimwa ni 900 na uliotangazwa ni 3,000, msomaji aione hiyo 2,100 inayotokana na mstari uliovutwa tu, na mwenye kujenga daraja aamue akijua.