Maoni ya Weibo si moyo wa China

Wiki hii tena nimetumiwa picha za maoni kutoka Weibo, mtandao wa kijamii wa China, na chini yake hukumu ileile: "Unaona? Wachina wote wako na Putin." Kazi yangu ni kusoma magazeti na mitandao ya Kichina kila siku. Naomba tuliache hilo neno "wote".

Februari 22, 2022, siku mbili kabla Urusi haijaivamia Ukraine, akaunti ya habari ya Shimian, iliyo chini ya gazeti la Beijing News, ilibandika Weibo kwa bahati mbaya maagizo ya ndani: kisitoke chochote cha kuiumiza Urusi au kuipendelea Magharibi, maoni yachujwe kwanza, kisha yafunguliwe polepole. Yachujwe! Wewe umepiga picha ya kilichobaki kwenye chekeche, ukaiita shamba zima.

Februari 26 wanahistoria watano, akiwemo Sun Jiang wa Chuo Kikuu cha Nanjing, walitoa barua ya wazi kupinga vita. Ilifutwa baada ya saa chache. Mwezi Mei Gao Yusheng, aliyewahi kuwa balozi wa China Ukraine, alisema Urusi inaelekea kushindwa. Maneno yake yakaondolewa. Wang Jixian, mtaalamu wa programu za kompyuta aliyebaki Odesa, mji wa Ukraine, akirekodi video za vita, aliitwa msaliti. Hawa nao ni Wachina.

Hata wanaoitetea Urusi, wengi hawaanzii Moscow. Wanaanzia Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia ya wakati huo, Mei 1999, mabomu ya NATO yalipoupiga ubalozi wa China na kuua waandishi wa habari watatu. Marekani ilisema ni kosa la ramani. Wengi China hawakukubali mpaka leo. Mtu mwenye kidonda hicho akisoma "mgogoro wa Ukraine", jina ambalo vyombo vya serikali hulitumia badala ya "uvamizi", humwoni akimtafuta mvamizi. Anaitafuta NATO. Hiyo ni chuki ya zamani, na kuiita mapenzi kwa Putin ni kutomsikiliza.

Kuna jambo linalonisumbua, nami silifichi. Uchunguzi wa maoni ya Wachina uliofanywa na Carter Center, shirika la Marekani, mwaka 2022 ulikuta takribani robo tatu ya waliojibu wakisema kuiunga mkono Urusi kuna maslahi kwa China. Najua swali lilihusu maslahi, na najua watu hujibu kwa tahadhari. Bado robo tatu ni wengi, na siwezi kuwafuta kwa sababu tu jibu lao limeniumiza.