Je, wajua? Pembe ya Triceratops ni ya ki-ng'ombe, sio ya kifaru

Mimi tangu utotoni nilimweka Triceratops kichwani kama kifaru tu, kifaru aliyeongezewa pembe mbili na ngao ya mfupa shingoni. Ni dinosaria mla majani, mita kama 8 au 9, wa Amerika Kaskazini, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita, zama moja na T. rex, yule dinosaria mla nyama. Hayo nilikuwa nayo sawa. Nilichokosea ni pembe, yaani palepale nilipodhani wamefanana.

Iko hivi. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani, ni keratini tupu, kitu kilekile cha kucha zako, na ikioza kwenye fuvu panabaki pua yenye mikwaruzo basi. Sasa chukua baragumu la pembe ya ng'ombe. Kwanini lina uwazi ndani? Kwa sababu mle mlikuwa na mfupa uliotokea kwenye fuvu, ile pembe unayoipuliza ni ala tu, kama ala ya kisu, ukiichemsha inachomoka. Triceratops ndo hivyohivyo, ila kwake ala imeoza kikabaki kisu. Kwahiyo zile pembe za juu ya macho unazoziona makumbusho, za kama mita 1, ni za ndani tu! Akiwa hai zilikuwa ndefu zaidi, kiasi gani wataalamu wanakadiria.

Kuna mtu alikosea kinyume changu. 1887 zilipatikana pembe mbili karibu na Denver, Marekani, akapelekewa Othniel Charles Marsh, bingwa wa mifupa enzi hizo, naye akasema ni za baisoni (ng'ombe-mwitu wa Amerika) mkubwa wa kale, akampa na jina kabisa, Bison alticornis. Watu wanamcheka, mi simcheki, jamaa aliona mfupa wa ndani ya pembe na akakumbuka ng'ombe, sasa hapo kosa liko wapi? Lilipokuja fuvu lenye pembe kama hizo kutoka jimbo la Wyoming ndo likazaliwa jina Triceratops, mwaka 1889.

Za kazi gani? Utafiti wa 2009 ulikuta makovu mengi kwenye zile ngao, yanaendana na Triceratops kusukumana wenyewe kwa wenyewe, pembe kwa pembe, japo wapo wanaosema mengine huenda ni ugonjwa wa mfupa. Kusukumana kwenyewe sio ajabu, kuna kinyonga wa pembe tatu huku kwetu Kenya na kaskazini mwa Tanzania, madume yake yanasukumana hivyohivyo mpaka mmoja anadondoka kwenye tawi.