Tui la hempu, tui la ufuta

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Mtanda, hapa Lindi mjini, alinionesha picha kwenye simu yake. Binti yake yuko Kanada, na kila asubuhi anamimina kwenye uji wa shayiri maziwa fulani ya boksi, meupe yenye ukijivu kwa mbali. Kamwambia mama yake kwamba ni kiboko ya presha na maumivu ya magoti. Mama alitaka kujua yanauzwa duka gani, hapa au mpaka Dar. Nikaikuza ile picha, nikasoma boksi.

"Mama, hii ni hempu. Ni mmea ule ule wa bangi."

"Hee! Bangi? Yaani mwanangu anakunywa bangi na uji?"

Ilinichukua muda kumtuliza. Lakini si yeye peke yake. Mimi ni mtu wa lishe, na swali hili linanifuata mpaka kwenye foleni ya samaki. Wengine huuliza "maziwa ya katani", kwa sababu kamusi ikikutana na hempu inaandika katani. Mtu wa Lindi ukimtajia katani anaona mashamba ya mkonge kule Kikwetu. Mkonge ni mmea mwingine kabisa, uliletwa Tanganyika kutoka Amerika mwaka 1893, na hauna mbegu ya kukamua tui. Tuuache.

Hempu ni bangi iliyochaguliwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Jina la kitaalamu ni lile lile, Cannabis sativa. Kinachozitenga ni kiasi cha THC, ile kemikali inayolevya. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 inataka hempu isizidi asilimia 0.3 ya THC ikiwa imekauka; Kanada wao waliruhusu kuilima kibiashara tangu 1998. Mbegu yenyewe haitengenezi THC. Inayokutwa juu yake ni utomvu wa maua ulionata kwenye ganda, ndiyo maana mbegu za chakula husafishwa na kukobolewa kwanza. Sasa mtu asije akachambua mbegu kwenye msokoto wa kijiweni akasema anatafuta protini. Zile hazijasafishwa wala kupimwa na mtu yeyote. Na kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima bangi, kwa hiyo usimdanganye mjomba wako wa Nachingwea achanganye miche miwili mitatu kwenye shamba la mbaazi.

Hayo ya sheria yakishawekwa kando, niseme haki yake: hempu ni mbegu nzuri. Gramu 100 za iliyokobolewa zina protini karibu gramu 32, na protini yenyewe inameng'enyeka vizuri. Magneziamu inafika miligramu 700, zinki karibu 10, madini chuma karibu 8. Mafuta ni karibu nusu ya uzito wake, na humo ndimo sifa yake kubwa ilipo: ina omega-3 ya mimea kwa wingi, aina ya mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, ikipangana na mwenzake omega-6 kwa uwiano wa takriban moja kwa tatu. Mbegu nyingi tunazozijua hazifiki hapo. Ila omega-3 ya mimea mwili hauitumii moja kwa moja kwa kazi zote. Lazima uigeuze kwanza iwe ya aina iliyomo kwenye samaki, na hugeuza sehemu ndogo tu. Mtu anayeishi hatua chache kutoka ufukweni, anayekula vibua na dagaa, ameshaipata ile ya mwisho bila safari hiyo. Binti wa Kanada ana sababu ya kununua hempu. Mama yake ana vibua.

Na kuhusu presha na magoti: chakula chenye mafuta haya, kikichukua nafasi ya mafuta mabaya, kinausaidia moyo. Hilo nalikubali. Kusema kikombe cha maziwa haya kinatibu presha au magoti, sikubali, na vidonge vyako usiviache.

Sasa nije kwenye hayo "maziwa". Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana, kwa sababu hakuna maziwa hapo. Ni tui. Unachukua mbegu, unaisaga na maji, unakamua, machicha yanabaki. Nazi tunaifanyia hivyo kila siku kwa mbuzi na kifumbu, na hakuna anayedhani tui la nazi ni sawa na maziwa ya ng'ombe. Kila mpishi anajua pia kwamba kuna tui zito na tui la pili, na tofauti yake iko kwenye maji.

Hebu tupige hesabu. Ukisaga gramu 80 za hempu kwenye lita moja ya maji, bila kumwaga chochote, lita nzima ina protini kama gramu 25. Kikombe cha mililita 250 kinapata gramu 6 hivi. Ya boksi mara nyingi yana gramu 2 au 3 tu kwa kikombe, maana maji ni rahisi kuliko mbegu. Kalsiamu ndiyo inayochekesha. Mbegu ya hempu ina kalsiamu ndogo, miligramu 70 kwa gramu 100, kwa hiyo kikombe cha nyumbani kitakuwa na miligramu 14. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina karibu 300. Ukiona boksi limeandika kalsiamu nyingi, imetiwa kiwandani, pamoja na vitamini D na B12. Si kosa, ila usiisifu mbegu kwa kazi ya kiwanda.

Nikamuuliza yule mama: nyumbani ufuta upo? Akanitazama kama nimemtukana. Ufuta Lindi! Ndio kwanza walikuwa wamepeleka magunia chama cha msingi, wakisubiri mnada. Zao hili tunalima, tunapeta, tunalipeleka ghalani kwa stakabadhi, linakwenda India, China na Japani, na nyumbani kinachobaki ni cha kashata na cha mbegu ya msimu ujao.

Gramu 100 za ufuta usiokobolewa zina protini kama gramu 17, nyuzinyuzi karibu 12, madini chuma zaidi ya miligramu 14, na kalsiamu inayokaribia miligramu 975. Kwa madini chuma na kalsiamu unaipita hempu mbali. Kwa protini na omega-3 hempu inaupita ufuta, na sitaki kuficha hilo kwa sababu tu ufuta ni wa nyumbani.

Ile kalsiamu nayo ina mtego. Sehemu kubwa imo kwenye ganda, tena imeshikana na tindikali ya oksaliki, kwa hiyo mwili hauipati yote. Ukikoboa ufuta, kalsiamu inashuka mpaka miligramu 60 hivi. Ukiuacha na ganda, tui linakuwa na uchungu kidogo. Hapo kila mtu achague. Mimi naacha ganda, nauloweka usiku kucha kisha naukaanga, maana kuloweka na kukaanga hupunguza vile vizuizi vya madini.

Mara yangu ya kwanza niliharibu. Niliukaanga kwa moto wa mkaa uliochachamaa huku najibu ujumbe kwenye simu, nikauacha ukawa rangi ya kahawa. Tui lilitoka chungu kama shubiri na mke wangu akaniuliza kama ni dawa ya minyoo. Siku hizi nafanya hivi. Kwanza ungo, kisha maji, kwa sababu ufuta mwingi unapigwa shambani na mchanga haukosekani. Ukiuvuruga kwenye beseni, mchanga unatangulia chini. Unachota ufuta juu kwa chujio la chai, na unarudia mpaka ukipitisha vidole chini ya beseni usisikie chembe. Meno yako yatakushukuru. Naloweka, nachuja, kisha kikaangoni kwa moto mdogo, nikikoroga bila kuacha. Mwanzoni unatoa mvuke na kunatana. Ukikauka unaachiana, unaanza kulia na kurukaruka, na harufu inafika kwa jirani. Hapo hapo naipua, kwa sababu kikaango kikiwa cha moto kinaendelea kukaanga chenyewe.

Kikombe kimoja cha ufuta kwa vikombe vinne vya maji ya uvuguvugu, blenda dakika mbili au tatu, na kitambaa safi cha pamba. Asiye na blenda atumie kinu. Tui la kinu hutoka zito zaidi. Natia punje mbili za iliki, tende mbili zilizotolewa kokwa na chumvi ya kugusia. Kisha nalichemsha kidogo, maana mbegu iliyopita mikono mingi siiamini mbichi. Kwenye friji linakaa siku mbili. Likijigawa, maji chini na mafuta juu, halijaharibika, tikisa.

Wenzangu wa Mtwara najua watauliza kuhusu korosho. Tui la korosho ni tamu na laini mno, hata kulichuja si lazima. Ila kalsiamu yake ni ndogo, na kwa bei ya korosho za kubangua utakunywa ukihesabu.

Protini ya ufuta ina upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini, kitu ambacho mbaazi, kunde na choroko zinacho kwa wingi. Mbaazi zilizoungwa kwa tui la ufuta badala ya nazi ni chakula kilichokamilika kwa protini, na ladha yake nzito kidogo inakubali ndimu. Ndimu hiyo ina kazi nyingine: vitamini C inausaidia mwili kunyonya madini chuma. Chai ya rangi juu ya mlo inafanya kinyume, iache isubiri saa moja hivi.

Kuna watu wawili nawaomba wasubiri. Mmoja ni mtoto chini ya mwaka mmoja. Tui la mbegu yoyote, hempu, ufuta au korosho, halichukui nafasi ya maziwa ya mama, hata likiitwa maziwa. Miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama pekee, na baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka miwili huku akila vyakula vingine. Wa pili ni mwenye mzio. Ufuta unaweza kumvimbisha mtu midomo na kumbana pumzi, na tangu Januari 2023 Marekani wanalazimisha utajwe kwenye vifungashio kama karanga. Ukiona dalili hizo, nenda hospitali mara moja.

Machicha usiyamwage. Ndani yake zimebaki nyuzinyuzi, ganda na sehemu nzuri ya kalsiamu. Mimi nayaanika, nayatwanga tena, na kijiko kimoja kikubwa kinaingia kwenye kisamvu dakika za mwisho kabla ya kuipua. Yule mama wa Mtanda aliniambia marehemu bibi yake alikuwa akifanya hivyo hivyo, ila yeye hakuwa anachuja tui kwanza. Alitwanga ufuta mzima, akautia wote chunguni.