Kiwanja kisicho na magofu si lazima kiwe kitupu

Wengi huamini kuwa kiwanja kisicho na gofu wala kaburi hakina mambo ya kale, tena kikijengwa bustani ya umma hakichimbwi chini sana, hivyo wanaona uchunguzi wa kiakiolojia hauna haja. Sivyo.

Katika miji ya kale ya Waswahili, hata ile yenye misikiti ya mawe kama Gede ya pwani ya Kenya, watu wengi waliishi nyumba za miti na udongo. Zikianguka, hubaki madoa ya mashimo ya nguzo, udongo uliochomeka, vigae vya vyungu na shanga. Mabaki hayo huweza kuwa sentimita 20 tu chini ya nyasi, na hapo ndipo hupita greda, mabomba na mashimo ya miti.

Wachunguzi hutembea kwa mistari sambamba, huchimba mashimo ya majaribio, kisha huchekecha udongo kwa wavu wa milimita 5 hivi. Mashimo yakiachana mita 50, kijiji kidogo huweza kuponyoka katikati. Plastiki ikitokea chini ya vigae, udongo huo umevurugwa au ni kifusi cha kuletwa.

Ukisoma ripoti ya uchunguzi huo, tafuta ramani ya mashimo na kina cha kila moja, hata yaliyotoka matupu. Baada ya mvua, tazama kingo za mitaro. Kigae ukikiona, kipige picha kando ya sarafu, ukiache palepale. Kikihamishwa, tabaka la udongo kilimotoka halijulikani tena.