Mwizi wa Kadi Hana Shida na Namba Yako ya Siri

Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la malalamiko ya kadi, katika benki moja hapa Mwanza. Kauli niliyoisikia kuliko zote ni hii: "Mwanangu, namba ya siri sijampa mtu." Na wanasema kweli. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla Mwaloni Kirumba aliniambia hivyo machozi yakimlengalenga. Kadi yake ilikuwa imelipia vitu mtandaoni mara nne kwa usiku mmoja, nchi ambazo hajawahi kukanyaga.

Tulirudi nyuma naye siku baada ya siku, hadi akakumbuka alivyowalipia wageni wake chakula. Mhudumu alikwenda na kadi kaunta, akarudi nayo baada ya dakika kama tano. Muda huo unatosha kuipiga picha mbele na nyuma.

Hapa ndipo wengi hawapajui. Chipu, kile kibati cha rangi ya dhahabu, hutoa msimbo mpya kila unapolipa. Mwizi akiunasa wa leo, kesho haumfai kitu. Ukanda mweusi wa sumaku hurudia habari zilezile siku zote, ndiyo maana wezi hupachika vifaa vya kuunakili kwenye mdomo wa ATM. Ununuzi wa mtandaoni hauhitaji hata kadi yenyewe: zinatosha namba ndefu ya mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu 3 za nyuma. Baadhi ya maduka ya nje hayaombi uthibitisho mwingine.

Zile tarakimu 3 mimi nimezikariri, nikazifunika kwa kipande cha stika. Mashine ije mezani, la sivyo nanyanyuka na kadi yangu hadi kaunta. Kadi yenye chipu naichomeka. Mtu akitaka kuikwaruza kwa ukanda, nalipa kwa simu. Kabla ya kubonyeza namba ya siri nasoma kiasi, maana 45,000 na 450,000 zinatofautiana sifuri moja tu.

Kwenye ATM, hasa foleni za mwisho wa mwezi, mwogope kijana mpole anayesema, "Mama, lete nikusaidie." Ameshaiona namba yako ya siri, na kadi atakayokurudishia ni ya benki ileile, rangi ileile, ila si yako. Soma tarakimu 4 za mwisho kabla hujaondoka. Anayepiga simu akiomba msimbo uliotumiwa kwa meseji ni tapeli, hata akikutaja jina. Kata, kisha tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kilichoniuma kwa yule mama ni kwamba meseji ya makato ya kwanza ilitumwa. Ilikwenda kwenye laini aliyokwisha kuiacha. Angeiona, tungeifunga kadi kabla ya makato ya pili. Ukibadili laini, nenda tawini na kitambulisho wakubadilishie namba. Na ile namba ya huduma kwa wateja iliyo nyuma ya kadi, ihifadhi kwenye simu leo, kwa sababu kadi ikipotea inaondoka nayo.