Kwa nini RAM haipimwi vizuri Windows ikiwa imewaka?

Kompyuta inazima ghafla, skrini ya bluu inakuja kila siku na sababu mpya, faili ulilonakili jana leo linagoma kufunguka. Fundi mzoefu hapo huishuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea. Wengi hupakua programu ya kuipima, wakaiendesha ndani ya Windows, nayo ikawaambia hakuna tatizo.

Kipimo chenyewe hakina ajabu: programu huandika sifuri na moja kwa mpangilio fulani kwenye RAM, huzisoma tena, kisha hulinganisha. Shida ni kwamba Windows nayo inaishi humo humo, na ukiandika juu ya eneo lake itaanguka. Kwa hiyo hupimwa nafasi iliyobaki tu, sawa na kufagia mkeka huku watu wameukalia.

Ndiyo maana MemTest86, programu ya kupima RAM iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, na mwenzake Memtest86+ huwashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaamka. Hata kipimo cha Windows yenyewe huomba kwanza kompyuta iwashwe upya.

Flashi hiyo itafutwa yote, basi tafuta isiyo na kitu. Mafaili yako yahifadhi kwingine, ila usifunike nakala ya zamani: RAM mbovu huenda imeshaharibu hayo unayonakili sasa. Baadhi ya matoleo hukataa kuwaka mpaka uzime Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kuwaka kabla ya Windows) kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, na hapa watu hunaswa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, Windows ikirudi inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Uwe nao kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Kama umewasha XMP kwenye BIOS ili RAM ikimbie zaidi, irudishe kwenye mwendo wa kawaida. Makosa yakitoweka, huenda vipande vya RAM ni vizima na mwendo ndio uliozidi.

Laptopu iache kwenye chaji, kwani kazi hii huchukua saa nyingi. Mimi ningeianza usiku. Kosa hata moja lisipuuzwe. Likitokea, zima, chomoa umeme, bakiza kipande kimoja, upime tena, kisha ukihamishie sloti (tundu la RAM) nyingine. Kosa likikifuata, kipande ndicho kibovu. Likibaki kwenye sloti ile ile hata kwa kipande kingine, kague mazabodi, yaani bodi kuu yenye sloti hizo, kabla ya kununua RAM mpya.